Mti Umekunywa Maji

Noti ilikuwa ya shilingi mia, imelegea kwa kupita mikono mingi. Baba aliipitisha kati ya mtutu na mti wa bunduki, akaishika ncha zote mbili kama mtu anayetaka kung'arisha kiatu, kisha akaivuta taratibu kutoka mdomoni kurudi nyuma kwenye chemba. Ilikwenda kama vidole vinne ikakwama. Akaivuta tena, ikakwama palepale. Akanyanyua uso akanitazama mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu niliyekuwa nimeshika koroboi, akasema, "Mti umekunywa maji."

Huo ulikuwa Aprili 1988, nyumbani kwetu Mjimwema, Njombe. Mvua ilikuwa haijakata kwa wiki tatu. Wasioijua Njombe niwaambie tu kwamba mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua huanza Novemba na hukuchosha mpaka Mei, na ikiisha mvua inaingia baridi ya Juni na Julai ambayo hukausha midomo na kuunguza majani ya viazi kwa barafu. Chumvi mezani hushikana ikawa jiwe. Sare ya shule iliyofuliwa Jumamosi huvaliwa Jumatatu ikiwa bado na ubichi kwapani. Katika mji wa namna hiyo hakuna mti unaotulia, hata ule uliokwisha kukatwa, kuchongwa na kupakwa mafuta.

Jana yake baba alikuwa amejeruhi nguruwe. Sikusema ameua, nimesema amejeruhi, na tofauti hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Kijiji kimoja upande wa Lupembe kilikuwa kinaliwa mahindi usiku, bwana nyama wa wilaya akatoa kibali, na baba aliitwa kwa sababu alikuwa na leseni na raifo ya .375 iliyotengenezwa Chekoslovakia, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anafunga virago. Risasi ya .375 ndiyo wanayopewa watu wanaokwenda kwa nyati na tembo. Kuipeleka kwa nguruwe ni kama kumwita fundi wa meli aje azibe sufuria. Lakini baba hakuwa na nyingine.

Nguruwe alisimama hatua themanini, ubavu wazi, mwanga wa asubuhi umempiga. Baba hakuwa mtu wa kukosa hatua themanini. Risasi ikampata mguu wa mbele, chini kabisa. Tulimfuata kwa damu mpaka giza likatukuta kwenye shamba la miwati, tukarudi, na kesho yake watu wa kijiji wakamkuta amekufa kando ya kijito, tumbo limeshavimba. Nyama haikufaa hata kwa mbwa. Mzee mmoja alisema kwa upole, na upole ule uliuma kuliko tusi: "Mzee, bunduki ya tembo, na nguruwe ametembea nayo usiku kucha."

Baba aliporudi alikagua kila kitu. Skrubu zimekaza. Kilengeo kipo mahali pake. Akaenda nyuma ya nyumba, akabandika karatasi kwenye tuta la udongo, akapiga tatu. Zote tatu zilishikana vizuri, ila zilikuwa chini na kushoto kwa upana wa kiganja. Maana yake bunduki ilikuwa haijapoteza akili, ilikuwa imehama. Oktoba iliyopita, wakati wa kiangazi, ilikuwa inapiga katikati. Ndipo akatoa noti.

Kwa asiyewahi kushika raifo, jambo lenyewe ni hili. Watu wengi kwetu huuita mti wote wa bunduki "kitako", ingawa kwa haki kitako ni ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Mti huo huendelea mbele chini ya mtutu, na katika raifo nyingi za kuwindia mtutu hautakiwi kuugusa huko mbele. Risasi inapotoka, mtutu hutikisika kama waya wa gitaa uliopigwa. Ukitikisika huru, hutikisika vilevile kila siku, na risasi huenda palepale kila siku. Mti ukiugusa upande mmoja, hata kwa unene wa ukucha, mtikisiko unabadilika na risasi inabadilisha njia. Mkono wako hauwezi kulijua hilo, wala jicho. Noti ndiyo inayolijua.

Na mti hugusa kwa sababu mti haufi. Ukishakaushwa, bado unavuta unyevu wa hewa na kuutoa, msimu kwa msimu. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha mtu kuona, lakini kwa upana hutanuka na kusinyaa, na upande unaofuata miduara ya umri hutembea karibu mara mbili ya upande unaoelekea kwenye kiini. Hapo ndipo kupinda kunapotokea, kwa sababu ubao uleule pande zake hazikubaliani. Seremala wa Makambako hakuambii hivyo. Atakwambia "mbao imecheza".

Baba alifanya kile ambacho kila mwenye bunduki angefanya. Alizungushia msasa kwenye kipande cha mwanzi, akakwangua ndani ya mfereji wa mtutu mpaka noti ikapita. Akairudisha shabaha, akapiga karatasi tena, akaridhika. Kosa lilikuwa palepale na hakuna aliyeliona: ule mti alioukwangua aliuacha uchi. Nje kulikuwa na mafuta yanang'aa, ndani hakuna kitu. Kufika Machi iliyofuata noti ilikwama tena, safari hii karibu zaidi na mdomo.

*

Kilichomlazimisha kwenda kwa fundi si noti bali tope. Mwaka 1989, mwezi huohuo wa Machi, pikipiki ilimteleza kwenye barabara ya Lupembe, bunduki ikiwa mgongoni. Yeye alitoka na kiwiko kilichochubuka. Kitako kilipasuka shingoni, pale pembamba mkono unaposhika, kwa sababu nyuzi za mti pale zilikuwa zimekata njia badala ya kuifuata. Mpasuko uliingia kama radi.

Makambako iko kilomita kama sitini kutoka Njombe, na ni mji wa aina nyingine kabisa. Ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita, barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA iliyofunguliwa mwaka 1976 ina stesheni yake hapo. Upepo hauishi. Kila mtu anauza kitu kwa mtu anayepita, na kinachouzwa zaidi, tangu nipate akili, ni mbao. Baba yangu mdogo aliishi huko, na jirani yake alikuwa seremala ambaye nilikuwa naye kila likizo, nikifagia maranda na kushika ncha ya pili ya ubao. Baba alimpelekea kitako kilichopasuka kimefungwa kwenye kanga ya mama.

"Kamwene, kaka," fundi alisema, akakigeuza kitako mkononi kama mganga anayeangalia mguu uliovunjika. "Gundi itashika. Ila ukipiga risasi hiyo yako kubwa, itakuachia meno chini."

"Basi nichongee kingine."

"Kwa mti gani?"

Baba alionyesha kwa kidevu rundo la mbao lililoegemea ukuta. Fundi akacheka. Lilikuwa la paina. "Hii ni ya kuezekea, kaka, na ya kupigia jeneza. Ukitaka bunduki iende kuzikwa, sawa."

Tumezungukwa na miti, na hilo ndilo watu hawalielewi kuhusu kwetu. Njombe na Makambako ni misitu mpaka jicho linachoka, lakini karibu yote ni miti ya kupandwa, iliyoletwa. Mapaina ni ya mbao za ujenzi. Milingoti ni ya nguzo za umeme na kuni, na ukiipasua mbao bila subira inajisokota kama kamba. Miwati ilipandwa na kampuni ya TANWAT tangu mwaka 1949 kwa ajili ya magamba yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Mti wenyewe huishia kuwa mkaa. (Sijui mkanda wa bunduki ya baba ulitengenezwa wapi, lakini nimekuwa nikipenda kufikiri kwamba magamba ya kwetu yalipita kwenye ngozi ile kabla haijarudi.) Mti wa kuchongea kitako haukuwa hapo. Vitako vya raifo za Ulaya na Marekani huchongwa kwa mti wa jozi. Cha kwetu kinachoukaribia ni mninga, na mninga hauoti kwenye baridi yetu. Unatoka chini, kwenye misitu ya miombo.

Fundi alipanda ngazi, akaingiza mkono darini juu ya jiko la mkewe, akatoa ubao mnene wenye masizi. Ulikuwa umefika na lori kutoka upande wa Chunya, na ulikuwa umekaa juu ya moshi ule miaka minne. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye ncha, imefifia. Akaugonga kwa kidole kilichokunjwa, akatega sikio, akanipa na mimi nigonge. Ubao mbichi hutoa sauti ya kiroba. Huu ulilia kama mlango unaobishwa.

Mninga ukikatwa ungali hai hutoka utomvu mwekundu, ndiyo maana wageni wanaupa jina la damu. Vumbi lake hupigisha chafya mpaka machozi. Likizo ile nzima nilitembea na leso. Lakini una sifa moja ambayo mafundi wetu waliijua kabla haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha maabara: ukishakauka hauchezi, au unacheza kidogo sana. Mlango wa mninga uliofungwa kiangazi utafungika na masika. Kwa mwenye bunduki Njombe, hiyo ndiyo sifa, mengine yote ni urembo.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Bunduki yenyewe haikulala karakanani hata usiku mmoja. Sheria haikuruhusu, na hata kama ingeruhusu baba asingekubali. Kila asubuhi alikuja nayo imeviringishwa kwenye blanketi, akaketi kwenye kigoda ndani ya karakana na kile chuma cha kukokea mfukoni mwa koti, na jioni akaondoka nayo kwenda kwa baba mdogo. Fundi alikuwa akifanya kazi chini ya macho ya mtu aliyekaa kama yuko msibani.

Kuchonga nje ni kazi ya siku mbili, mtu yeyote mwenye randa na jicho anaweza. Kazi ni ndani, pale chuma kinapokaa. Fundi aliwasha koroboi, akaupitisha moshi wake chini ya chuma mpaka kikawa cheusi ti, akakishusha polepole ndani ya mti, akakikandamiza, akakitoa. Pale palipogusa mti, palibaki doa jeusi. Akachukua patasi nyembamba akatoa lile doa tu, maranda membamba kama ganda la kitunguu. Akapaka masizi tena. Akashusha tena. Doa jingine. Siku ya kwanza madoa yalikuwa matatu makubwa. Siku ya tano yalikuwa mengi madogo, yametawanyika. Siku ya tisa mti wote pale chini ya chemba uliitika weusi mara moja, sawasawa, na fundi akaweka patasi chini akanywa chai. Mbele, kwenye mfereji wa mtutu, hakutaka doa hata moja. Pale alitumia karatasi, kama baba na noti yake.

Siku ya sita baba alichoka. "Fundi, msimu unafunguliwa Julai Mosi."

"Julai ya mwaka gani?"

"Mwaka huu, bwana!"

"Kaka, hiki chuma hakina haraka, na mti huu umengoja miaka minne. Mwenye haraka hapa ni wewe peke yako."

Mwisho kabisa alifanya jambo ambalo baba hakulifanya na msasa wake. Alipaka mafuta ya kitani ndani kuliko nje. Mfereji wote, matundu ya skrubu, na zaidi ya yote ile ncha ya nyuma ya kitako inayofunikwa na bamba, ambapo nyuzi za mti zimekatwa na vinywa vyake viko wazi kama mirija ya ulanzi. Aliipaka mara tano, mpaka ikakataa. "Watu hupaka panapoonekana," aliniambia mimi, si baba. "Maji hayaingii panapoonekana."

*

Bunduki za nchi hii zilikuwa na miti tangu zifike, na hakuna aliyeona ajabu. Wahehe walipowapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 walichukua bunduki zipatazo 300, na kila moja ilikuwa chuma juu ya mti. Magobore ya vijijini vitako vyake huchongwa na yeyote mwenye shoka. SMG tulizoziona kwa askari nilipokuwa mdogo zilikuwa na mbao nyekundunyekundu iliyochubuka pembeni. Plastiki ilianza kuingia taratibu. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ya Marekani ilitoa bunduki ndogo yenye kitako cha nailoni, na wapo wawindaji walioicheka. Kilichowanyamazisha ni vita ya Vietnam. Askari wa majini wa Marekani walikuwa na raifo za kulengea mbali zenye vitako vya mti wa jozi, mti mzuri, uliokaushwa na watu wanaojua kazi, na misitu ile ya mvua ikavifanya vitanuke na kupinda. Toleo lililofuata, miaka ya 1970, lilivaa kitako cha faiba. Ndiyo hadithi ya noti ya baba yangu, ila wenzetu walikuwa na serikali ya kuwalipia.

Nimelitaja hilo kwa sababu sitaki kuwa mmoja wa wazee wanaosema kila cha zamani ni bora. Mti mzuri uliokaushwa vizuri ulishindwa kule. Mtu anayelala mvuani na bunduki yake, wiki kwa wiki, kama askari wetu wa wanyamapori anayefanya doria Kipengere, mpe plastiki na usimsumbue na habari za mafuta ya kitani.

Shemeji yangu, mume wa dada, hakuwa analala mvuani. Alikuwa analala Dar es Salaam. Mwaka 2003 alikuja na raifo mpya, .375 kama ya baba, kitako cheusi cha plastiki chenye vipele vya kushikia, nyepesi mkononi kama mwavuli. Tulikwenda Chunya Julai ile, watatu, na vibali vyetu. Njia nzima kutoka Makambako alimtania baba: "Mzee, hicho ulichobeba ni bunduki au kabati?" Baba hakujibu. Alikuwa na umri wa kuruhusiwa kutojibu.

Chunya ni joto na mbung'o. Kwa kitako kilichochongwa kwenye baridi ya nyanda za juu, kushuka kwenye ukavu ule ni mtihani kama masika ilivyo mtihani, kwa sababu mti hutoa maji yake na kusinyaa. Baba alitoa noti jioni ya kwanza, ikapita. Kwenye ya shemeji nayo ilipita, bila shaka. Plastiki haijui Chunya wala Njombe. Karatasi zilipopigwa, bunduki zote mbili zilikuwa sawa. Nasema hivyo kwa uaminifu ingawa nilitaka ziwe tofauti.

Tofauti nilizoziona zilikuwa ndogo na za kuchekesha. Wepesi ule aliousifu ulimrudia begani: risasi ileile katika bunduki nyepesi husukuma zaidi, na baada ya risasi tano za kujaribu alikuwa na doa la zambarau, akaanza kubeba maji kwa mkono wa kushoto. Na plastiki ile ilikuwa tupu ndani. Tukiwa tunamnyatia pongo kwenye kichaka cha miiba, mwiba mmoja uliikwaruza ubavuni, ikalia kama dumu linaloburutwa. Pongo hakungoja maelezo. Mti ukikwaruzwa na mwiba hutoa sauti ya mti kwenye mwiba, na porini sauti hiyo haimshtui mtu.

Lakini nililojifunza kwa shemeji lilikuja baadaye. Aliporudi Dar aliiacha bunduki kwa baba, kwa utaratibu wa polisi na karatasi zake, ndani ya sanduku lake gumu lenye sponji. Alikuwa ameifuta nje, inang'aa, na alikuwa ameambiwa na muuzaji kwamba kitu hicho hakihitaji matunzo. Baba hakuifungua, kwa sababu mali ya mtu ni ya mtu. Januari shemeji alipokuja, alifungua, akaitoa, nje safi kabisa. Baba akamwambia alegeze skrubu. Chuma kilipotoka kwenye plastiki, upande wa chini wote wa mtutu ulikuwa na kutu ya rangi ya machungwa, kuanzia mdomoni mpaka kwenye chemba, penye vitone vilivyokwisha kula chuma. Sponji ilikuwa imekunywa hewa ya Njombe na kuitunza. Plastiki haikunywa kitu, ila haikuwa na njia ya kumwambia mtu yeyote.

Mti wa baba, pamoja na adha zake zote, ulikuwa umemlazimisha kuifungua bunduki kila Novemba na kila Aprili kwa miaka kumi na minne. Chuma chake hakikuwahi kupata kutu kwa sababu alikuwa anahangaika na mti.

*

Nilikuja kuwa muuza mbao, hapohapo Makambako. Na sasa niseme lililonifanya niandike.

Siku hizi mashine za kupasulia mbao, dingidongi, zinanguruma mpaka ndani ya mashamba ya watu. Paina inasimama asubuhi, mchana ni mbili kwa nne, jioni iko kwenye lori la Dar. Mti haukatwi ukiwa umekomaa, hukatwa mwenye shamba anapotaka ada ya shule. Kukausha kunahitaji banda, vijiti vya kutenganishia, miezi, na mtaji unaolala bila kufanya kazi. Nani atakubali mtaji ulale?

Desemba 2007 mwalimu mmoja aliagiza kwangu milango sita ya nyumba aliyoijenga kwa miaka tisa, tofali kwa tofali. Aliomba mbao kavu. Nilikuwa na mbao za wiki mbili. Niligonga ubao mmoja kwa kidole kilichokunjwa, kwa mazoea tu, nikasikia kiroba. Nikampa. Milango ilipakwa vanishi, ikapendeza, akanishukuru, akaniletea na viazi.

Agosti aliingia ofisini kwangu, akakataa kiti. "Njoo usiku," alisema, "uone mwezi unavyoingia kwangu."

Nilikwenda mchana kwa aibu. Mapengo kati ya mbao yalikuwa yanapitisha kidole. Mlango mmoja ulikuwa umejisokota, juu unafunga, chini unabaki wazi kama kiatu kilichofunguka soli. Nilitengeneza yote sita upya kwa gharama yangu, kwa mbao zilizongoja, na ilinichukua mwaka mzima kuzipata. Hakurudi tena dukani kwangu. Nilisikia nyumba ya wapangaji aliyojenga baadaye aliweka milango ya chuma na madirisha ya alumini, na sikuwa na neno.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu niliposhika koroboi na kuona noti ikikwama. Nilijua kila kitu. Kujua hakukunisaidia kitu siku mteja alipokuwa na fedha mkononi.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanabishana, kwenye bunduki au kwenye viti au kwenye mipini ya mashoka, kwamba plastiki imeushinda mti, huwa nataka kuuliza mti gani. Mteja wa leo akiona mpini wa faiba madukani anaukimbilia, na ana haki, kwa sababu mpini wa mti aliouziwa mwaka jana ulikuwa mbichi na shoka lilichomoka likaruka. TANESCO nayo imeanza kusimamisha nguzo za zege mahali penye majimaji, nasi tunaopanda milingoti tunanung'unika. Plastiki haikuushinda mti. Iliushinda mti mbichi, na mti mbichi tuliuuza sisi. Ule wa darini juu ya moshi haukuwahi kuingia ulingoni, kwa sababu haupo sokoni.

Ipo njia ya katikati, ya kubandika karatasi nyembamba za mbao kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, nyuzi zishikane zisicheze. Vitako vya raifo vya namna hiyo vipo na ni vizuri, vizito kidogo. Nyanda za juu sasa tuna viwanda vya mbao za tabaka, tunajua kubandika. Lakini hata hizo huanza na ubao uliokauka. Gundi nayo haipendi maji.

*

Baba alifariki mwaka 2011, mwezi Mei, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha. Leseni ya bunduki hairithiwi kama shamba, kwa hiyo baada ya arobaini, ndugu walipokwisha kukaa na kugawana vingine vyote, kazi ya kuipeleka kituoni ilinihusu mimi. Wiki ileile ya msiba nilikuwa nimeifungua usiku, peke yangu, kwa ajili ya kuifuta. Mninga ulikuwa umekuwa mweusi pale shavu lake lilipokuwa linakaa, na shingoni palikuwa na upara wa mkono wake. Noti za shilingi mia zilikuwa zimeshageuka sarafu zamani. Nilitoa ya mia tano. Nje tone la paa lilikuwa halikati, nguo za matanga zilikuwa zimening'inia sebuleni hazikauki. Nikaishika ncha zote mbili, nikaivuta kutoka mdomoni. Ilipita mpaka kwenye chemba bila kugusa.

Kituoni askari aliandika kwenye daftari: raifo moja, .375, kitako cha mbao. Akaniuliza kama kuna kasoro yoyote ya kuandika. Nikamwambia hakuna, nikasaini.